Kasulu na Kibondo Ukingoni mwa Ufa

Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na dakika 19 alasiri, mwamba ulikatika chini ya Ziwa Tanganyika, kina cha kilomita 22 hivi, si mbali na mji wa Kalemie nchini Kongo. Nusu dakika haikuisha vizuri kabla mawimbi ya kwanza hayajaingia Kasulu mkoani Kigoma, mwendo wa takribani kilomita 180. Kibondo, kilomita 300 kutoka mwamba ulipokatika, nayo ikafuata. Bujumbura walitikisika, Kampala walitikisika, na Nairobi wafanyakazi walishuka mbio kwenye majengo marefu bila kujua kilichowatoa kiko ng'ambo ya Ziwa Victoria, kwenye ziwa jingine kabisa. Tetemeko hilo lilikuwa la ukubwa wa 6.8.

Ni rahisi kwa mtu anayelima maharage Heru Juu au tumbaku Kibondo kulihesabu jambo hilo kuwa la Kongo. Nyumba zilizolala chini ni zao, na waliofariki ni wao. Huku juu vyombo viligongana kabatini, mbuzi wakashtuka, yakaisha. Lakini jiolojia haitambui mpaka huo. Kilima anachokilima mkulima wa Kasulu na shimo lililojaa maji ya Tanganyika vilitengenezwa na kazi moja, na kazi hiyo bado inaendelea.

Safari ya gari kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu inatosha kuonyesha. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Barabara inaanza kupanda, michikichi ya bondeni inabaki nyuma, hewa inapoa, na kinachofuata ni migomba, maharage, mihogo, tangawizi, na upande wa Manyovu kahawa. Kasulu yenyewe iko juu ya mita 1,200. Vilima vya mpakani na Burundi vinapita mita 1,500. Sasa geuza macho upande wa pili: chini ya maji ya ziwa kuna kina kinachofika mita 1,470, maana yake sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Na hiyo sakafu si mwamba. Ni matope na mchanga ulioshushwa na mito kwa mamilioni ya miaka, wenye unene wa kilomita kadhaa mahali pengine. Mwamba wa asili uko chini zaidi ya hapo.

Kwa nini shimo liwe refu hivyo, na kwa nini kando yake ardhi iwe imeinuka badala ya kuwa tambarare? Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa pande mbili, magharibi na mashariki. Gamba la juu la dunia ni gumu, halinyumbuki sana. Likivutwa, linapasuka. Mipasuko hiyo haisimami wima, inalala mshazari kwenda chini, na kipande cha katikati kikikosa kubanwa kinateleza na kudidimia. Kando zake nazo, zikishapunguziwa uzito wa kile kilichoondoka, zinapanda juu. Kwa hiyo ziwa limeshuka na milima ya Uha, eneo la Kasulu na Kibondo, imepanda katika tendo hilohilo. Baridi ya asubuhi ya Kasulu, mvua inayonyesha miinukoni na kahawa inayopenda ubaridi huo zina mkono wa mipasuko ndani yake.

Ushahidi mzuri zaidi wa kuinuka huko ni mto Malagarasi. Mto huu unaanzia kwenye milima ya mpaka wa Tanzania na Burundi, si mbali sana na ziwa, na mtu angetarajia uteremke moja kwa moja kuelekea magharibi. Hauendi huko. Unaelekea kaskazini-mashariki ukifuata mpaka, unageuka kusini, unasambaa kwenye madimbwi na matete ya Moyowosi, halafu ndipo unarudi magharibi, unapita Uvinza na kumwaga maji yake katika ziwa lilelile ulilokuwa umelipa kisogo. Ukingo wa bonde la ufa umenyanyuka na kuinamia upande wa mashariki, hivyo maji ya mvua ya milimani yanatelezea bara kwanza. Ruchugi, unaotoka Kasulu, nao unafuata mwelekeo wa bara mpaka unakutana na Malagarasi karibu na Uvinza.

Wataalamu wa samaki wameongeza jambo jingine la kustaajabisha. Ndani ya Malagarasi kuna aina za samaki zinazopatikana katika mto Kongo lakini hazimo ziwani Tanganyika. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mto ni mkongwe kuliko ziwa. Kabla bonde halijafunguka, miaka milioni kumi hivi iliyopita, maji ya Malagarasi yaliendelea magharibi hadi Kongo. Mpasuko ulipofunguka ukaukata mto vipande viwili, na samaki wa upande huu wakabaki huku.

Na huko Uvinza, mahali ambapo watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, chemchemi zinapanda kutoka chini kupitia mipasuko ya miamba. Mpasuko ukishakuwepo huwa njia ya maji pia. Mwaka 1987 watafiti walikuta chemchemi za maji ya moto zikitoka chini ya ziwa lenyewe, upande wa Kongo.

Lakini mpasuko unatikisaje ardhi? Kama ardhi ingeteleza taratibu, milimita kwa milimita kila siku, hakuna ambaye angejua. Shida ni msuguano. Kuta mbili za mpasuko zimebanwa na uzito wa kilomita nyingi za mwamba, zimeng'ang'aniana, huku pande mbili za ardhi zikiendelea kuzivuta bila kungoja. Chukua fito ya kujengea, ishike ncha mbili, uikunje polepole. Inakunjika, inavumilia, inaweka ndani yake kila nguvu unayoitia. Halafu ghafla inakatika, vipande viwili vinajinyoosha na viganja vinauma kwa mtikisiko. Mwamba unafanya hivyohivyo. Mwamerika Harry Fielding Reid ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1910, baada ya kupitia vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kabla na baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Aligundua kwamba alama za upimaji zilizokuwa mbali na mpasuko zilishaanza kusogea miaka mingi kabla ya siku ya tetemeko. Nguvu haikuzaliwa siku ile. Siku ile ilitoka tu.

Mahali nguvu inapotokea chini ya ardhi panaitwa kiini, na sehemu ya juu ya ardhi iliyo wima juu yake ni kitovu. Kutoka kwenye kiini mawimbi yanasambaa pande zote. Ya kwanza yanasukuma na kuvuta mwamba kwa mwendo wa kilomita sita hivi kwa sekunde. Ndiyo yanayoleta mshindo au mngurumo ambao watu wengi hudhani ni lori zito linapita. Ya pili yanatikisa mwamba kushoto na kulia, yanakwenda kilomita tatu na nusu hivi kwa sekunde, na ndiyo yanayobomoa. Kasulu, siku ile ya mwaka 2005, kati ya mshindo wa kwanza na mtikisiko mkubwa palikuwa na nafasi ya sekunde 20 hivi. Mtu anayejua hilo anaweza hata kukisia umbali: hesabu sekunde kati ya mshindo na mtikisiko, zidisha kwa nane, utapata kilomita kwa makadirio. Vituo vya kupimia hufanya hesabu hiyohiyo kwa usahihi mkubwa zaidi, na vituo vitatu vikilinganisha umbali wao, kitovu kinajulikana. Afrika Mashariki ina vituo ambavyo data yake hutumika duniani kote, kikiwemo cha Kilima Mbogo nchini Kenya na cha Mbarara nchini Uganda, na Tanzania kazi hii iko chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yenye makao Dodoma.

Alama za miteleko ya zamani zinaonekana kwa macho pia. Kwenye machimbo ya mawe, au mahali barabara ilipokata kilima, huonekana wakati mwingine uso wa mwamba uliolainika hadi kung'aa, wenye mikwaruzo midogo iliyolala yote upande mmoja. Pitisha kidole: upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwama kwenye ngazi ndogondogo. Hapo jiwe moja lilipita juu ya jingine, na mikwaruzo inaonyesha lilielekea wapi.

Mawe yenyewe ya Kigoma ni ya kale sana. Wanajiolojia waliyapa majina ya hapahapa, na mwanafunzi wa Kasulu akifungua ramani ya jiolojia atakuta Kwatzaiti ya Kigoma, Matabaka Mekundu ya Manyovu na Kundi la Uha. Umri wake ni mamia ya mamilioni ya miaka. Kati yake kuna lava, na jambo hili huwachanganya watu: zipo lava, na volkano ya Nyiragongo kule Goma inajulikana, basi lazima matetemeko ya Kigoma yanatokana na moto ulio chini. Sivyo. Lava hizo zilipoa zamani mno, kabla ya mnyama wa kwanza kutembea nchi kavu, na Kigoma haina volkano hai. Yapo matetemeko yanayoletwa na volkano, na Goma waliyaona mwezi Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka na mji ukatikisika kwa siku kadhaa. Yanayotikisa Kasulu na Kibondo ni ya kukatika kwa mwamba tu.

Na hapa ndipo ramani inapovutia. Katikati ya Tanzania, kuanzia Singida na Tabora hadi Shinyanga na Mwanza, kuna pande la mwamba mnene, baridi na gumu, lenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Bonde la Ufa lilipofika hapo halikuweza kulipasua katikati. Likagawanyika mikono miwili na kulizunguka: mkono wa mashariki ukapita Kenya, Natron na Manyara; wa magharibi ukapita Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Nyasa. Mkono wa magharibi ulichagua njia ya mikanda dhaifu ya kale, ambako ardhi ilishawahi kuungana na kuachana zamani. Kilichobaki kati ya mikono miwili ni bamba dogo linaloitwa Victoria, ambalo vipimo vya setilaiti vinaonyesha linazunguka taratibu kinyume cha mwendo wa saa. Kasulu na Kibondo ziko ukingoni mwa bamba hilo, ambalo limebeba pia Mwanza na Kampala. Kalemie, ambayo mvuvi wa Kigoma anaifikia kwa boti, iko kwenye bamba jingine, la Nubia, moja na Kinshasa na Lagos.

Mabamba hayo mawili yanaachana kwa milimita mbili hadi tatu kwa mwaka katika eneo la Tanganyika.

Ni kidogo, na udogo huo una madhara yake. Kwa miaka 100 zinapatikana sentimita 20 hadi 30 tu, ilhali tetemeko la ukubwa wa 6.8 huhitaji mpasuko uteleze kwa karibu mita moja. Kwa hiyo mpasuko mmoja unaweza kukaa kimya karne kadhaa ukijikusanyia. Mzee wa miaka 90 akisema hajawahi kuona tetemeko kubwa kijijini kwake, anasema kweli, na ukweli wake hautoshi kumlinda mjukuu. Kumbukumbu ya binadamu ni fupi kuliko zamu ya mpasuko. Hili ndilo linalofanya nchi zinazotikisika mara kwa mara, Japani kwa mfano, zijenge kwa tahadhari, na nchi zinazotikisika kwa nadra zisahau.

Tulichosahau sisi ni kikubwa. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati Wajerumani wakitawala, tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4 lilipiga eneo la Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika. Ni mojawapo ya makubwa zaidi yaliyopimwa barani Afrika katika karne nzima ya 20, na vyombo vya Ulaya viliyanasa mawimbi yake. Nicholas Ambraseys na Robin Adams, watafiti waliokuwa Uingereza, walitumia miaka mingi kukusanya barua, magazeti na taarifa za vituo vya zama zile ili kuyapanga upya matetemeko ya Afrika ya mwanzo wa karne, na hilo la 1910 likaonekana kuwa kubwa kupita mengi. Halikuacha maafa ya kutajwa vizazi na vizazi kwa sababu wakati ule watu walikuwa wachache na nyumba nyingi zilikuwa za fito, udongo na nyasi. Nyumba ya namna ile inayumba. Ikianguka, inaangusha vitu vyepesi. Tangu wakati huo watu wameongezeka mara nyingi, na kilichochukua nafasi ya fito ni tofali.

Kagera ilionyesha maana ya mabadiliko hayo. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea kaskazini-magharibi mwa Bukoba, kina cha kilomita 40 hivi. Kina hicho kinashangaza. Sehemu nyingi za dunia mwamba wa kina kile huwa na joto la kuulainisha kiasi cha kutokatika. Chini ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa gamba ni la kale na baridi, hivyo linakatika hata huko. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu wakakosa pa kulala. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa.

Linganisha sasa. Kipimo cha ukubwa kinapanda kwa namna ambayo kila namba moja inazidisha nishati mara 32 hivi. Tetemeko la Tanganyika la 6.8 lilitoa nishati takribani mara 20 ya lile la Kagera la 5.9, na bado waliofariki Kalemie waliripotiwa kuwa sita. Lile kubwa lilitokea chini ya maji, mbali kidogo na msongamano wa nyumba. Lile dogo liliukuta mji. Ukubwa unahusu mwamba. Ukali wa mtikisiko unahusu mahali ulipo: umbali, aina ya ardhi chini ya msingi, na ukuta uliouegemea. Bonde lenye matope laini huukuza mtikisiko, mwamba mgumu huupunguza, na mteremko mkali wenye udongo mwekundu uliolowa mvua unaweza kuporomoka. Mtu wa Kibondo akipima kwenye ramani atakuta yuko kilomita 300 hivi kutoka kitovu cha mwaka 2005 upande wa kusini, na kilomita 300 hivi kutoka kitovu cha mwaka 2016 upande wa kaskazini.

Ukuta wa kawaida wa miinuko hii unajulikana. Matofali yanafyatuliwa karibu na kijito, yanapangwa tanuru, yanachomwa kwa kuni siku kadhaa. Yale ya katikati yanaiva na kulia ukiyagonga; ya pembeni yanabaki mabichi kwa ndani, lakini yote yanapelekwa kwenye jengo. Fundi anapanga kozi kwa udongo, kwa sababu saruji ni ghali. Pembe mbili za kuta zinakutana bila matofali kufungamana vizuri. Linta inawekwa juu ya mlango na madirisha tu, inakatika hapo. Juu yake gebo linapandishwa hadi kwenye kilele cha paa, pembetatu ya matofali isiyoshikwa na chochote pembeni, na bati linakaa juu ya kenchi nyepesi. Nyumba hii inabeba uzito wake vizuri kwa miaka 30. Tofali na udongo vinavumilia kugandamizwa. Kuvutwa na kusukumwa pembeni haviwezi, na tetemeko halifanyi kingine.

Gebo ndilo linaloanguka mapema, mara nyingi kwa nje. Kisha ukuta mrefu usio na kitu cha kuushikilia unajitenga na pembe na kulala. Kwenye kuta zilizobaki zimesimama nyufa zinajieleza zenyewe. Ufa unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha upande mmoja tu, ukipita ngazi kwa ngazi kwenye maungio, mara nyingi ni wa msingi uliozama. Nyufa mbili zinazokatana msalaba kati ya dirisha na dirisha ni za kutikiswa kwenda na kurudi, na ukuta wenye alama hiyo umeshapoteza nguvu yake hata kama haujaanguka.

Dawa yake inajulikana na haihitaji ghorofa la maabara. La kwanza ni linta iliyofungwa nyumba nzima, mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote bila kukatika, ili ukuta mmoja ukitaka kulala uzuiwe na mwenzake. La pili ni pembe zilizofungamana kozi kwa kozi. La tatu ni paa lenye miteremko pande zote nne, lisilohitaji gebo kabisa, au gebo la mbao na bati badala ya tofali. Milango na madirisha yakae mbali na pembe. Kwa asiye na uwezo wa zege, mfano mzuri unatoka Peru, kwa watu wanaojenga kwa tofali bichi la udongo. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu Katoliki cha Peru kiliimarisha nyumba chache za wanavijiji kwa mikanda ya wavu wa waya iliyopigiliwa kwenye pembe na juu ya kuta, kisha ikapigwa plasta ya saruji. Tarehe 23 Juni 2001 likaja tetemeko la 8.4. Nyumba za jirani zilibomoka. Zile zenye mikanda zilibaki zimesimama, na watu wake wazima.

Jambo hili linagusa kambi za wakimbizi pia. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini, ng'ambo ya ziwa. Nduta, wilayani Kibondo, imepokea Warundi. Wakongo hao wamevuka Bonde la Ufa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na wakimbizi wa kambi zote mbili wameweka makazi ya tofali bichi yaliyokaribiana mno. Mahali kama hapo shule, zahanati na maghala ya chakula ndiyo majengo ya kuimarishwa mwanzo, kwa sababu ndimo wanamokaa watu wengi kwa wakati mmoja, wengi wao watoto.

Kila baada ya mtikisiko simu hujaa ujumbe unaotaja saa na siku ya tetemeko jingine. Hakuna chombo wala mtu duniani anayeweza kutaja siku hiyo, si Japani wala Marekani. Kinachowezekana ni kusema eneo fulani lina uwezekano gani kwa miaka 50, na hiyo inatosha kumwelekeza anayejenga. Ardhi ikianza kutikisika, aliye karibu na mlango wa nyumba ya udongo atoke haraka hadi uwanjani, mbali na ukuta, gebo na nguzo za umeme. Aliye ndani ya jengo imara au mbali na mlango ajiinamishe chini ya meza ngumu, akinge kichwa na kuishikilia meza mpaka ardhi itulie.

Mitikisiko midogo inayofuata si ishara kwamba kubwa zaidi linakuja, ingawa mara chache hutokea. Mwaka 1894 Mjapani Fusakichi Omori alionyesha kwamba inapungua kwa mpangilio: idadi ya siku ya pili huwa karibu nusu ya ile ya siku ya kwanza, siku ya kumi karibu sehemu ya kumi. Kwa familia iliyotoka nje na kubaki ikitazama nyumba yenye nyufa za msalaba, maana yake ni kwamba hatari ya kurudi kulala ndani ni kubwa mno usiku ule wa kwanza na siku chache zinazofuata. Kabla ya kuingia tena, fundi au mhandisi wa halmashauri akague pembe, gebo na kila ukuta uliotoka kwenye mstari, na kilicholegea kishushwe kwa mkono.